Mgomba Tuliouzika Mahali pa Mwanangu

Mlima ulipolipuka, mume wangu alirudi nyumbani kuchukua cherehani yake. Alikuwa fundi wa nguo, akaniuliza bila ile mashine tutakula nini. Mimi nilitangulia na mtoto mgongoni. Hakutufuata. Jiwe la moto lililotiririka kutoka mlimani liliifunika nyumba, cherehani na yeye mwenyewe, na tuliporudi bado lilikuwa linatoa moshi. Hatukuwa na pa kuchimba wala cha kuzika. Tulikaa matanga juu ya turubai, tukayavunja, basi.

Baadaye nilijenga kibanda cha mbao juu ya jiwe lilelile, kwa sababu parsele, yaani kiwanja, ilikuwa yetu na chini yake alikuwa mtu wetu. Mtoto alikulia hapo. Alipopata nguvu alijichongea chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili ambacho watu wa Goma hubebea mizigo. Mahali pa kuwekea goti alipigilia kandambili yangu iliyokatika. Alikuwa akitoka kwetu Mabanga, anapita Lac Vert, anafika Sake, anarudi na makabichi.

Siku waasi walipoishika ile barabara, alikuwa huko. Wenzake walirudi kwa miguu. Walisema risasi zilianza na kila mtu akakimbia upande wake. Zaidi ya hapo hawakuona. Nilimtafuta hospitalini, kambini, kwenye makanisa walikolala watu. Nilichoka bila kumpata.

Mdogo wa mume wangu ndiye aliyeleta neno. Kwao, mtu akipotea moja kwa moja, wanazika mgomba mahali pake. Wanaukata kwa kimo chake, wanaufunga shuka lake, wanaulaza kaburini.

"Mama, kaka tulimuacha hivi hivi," aliniambia. "Huyu mutoto hapana. Tumulaze."

Nilikubali. Sikuwa na imani nayo, nilikuwa nimechoka kusikiliza mlango.

Kaburi kwetu halichimbwi kwa jembe. Shemeji aliwasha moto juu ya jiwe, akalimwagia maji ya baridi lipasuke, kisha akapiga nyundo. Alifanya hivyo mpaka shimo likamfika mapajani, akasema inatosha. Udongo wa kufukia tuliuleta kwa magunia. Nilipotupa konzi yangu juu ya shuka la mwanangu nilijiona mjinga: nalilia ndizi.

Mvua ziliponyesha, kaburi likachipuka.

Wamama wa kikundi chetu cha maombi walijaa uani. Mmoja alipiga magoti, akapaza sauti: "Mutoto yako iko muzima! Mungu amejibu!" Shemeji yangu yeye aliogopa.

"Tuing'oe leo leo," alisema. "Marehemu akichipuka, nani atalala?"

Nilimwangalia. "Shemeji, ule mgomba uliukata, ama uliung'oa na mizizi?"

Akainamisha kichwa. "Ile jiwe ilimaliza mikono yangu, mama. Niling'oa muzima-muzima, nikapunguza tu kule juu, mizizi sikuikata."

"Kumbe ulituzikia shamba!" alisema mama mmoja, na wengine wakacheka. Mimi pia nilicheka. Halafu nikaingia ndani nikalia, maana kwa dakika chache nilikuwa nimemwamini yule aliyepiga magoti.

Jumapili mchungaji alisoma katika kitabu cha Ayubu: yako matumaini ya mti, ukikatwa utachipuka tena. Aliniangalia mimi, na watu wakapiga makofi. Nyumbani nilitafuta mahali pale nisome mwenyewe, polepole, kwa kidole, kwa sababu shule niliiachia njiani. Nikayakuta maneno yanayofuata: lakini mwanadamu hufa.

Nilifunga Biblia. Nilimkasirikia Mungu kuliko nilivyowahi kuwakasirikia wale wenye bunduki. Mgomba aupe matumaini, na mwanangu amnyime? Niliacha kwenda kwenye maombi. Wamama wa kikundi wakibisha hodi sikufungua.

Niliyarudia yale maneno kwa ubishi tu, nione kama Ayubu aliishia hapo. Hakuishia hapo. Chini kidogo anamwambia Mungu: Wewe ungeita, nami ningekujibu, ungekuwa na tamaa ya kazi ya mikono yako.

Ukutani kulikuwa na gurudumu la chukudu ambalo mwanangu hakulimaliza. Upande mmoja ni laini, upande mwingine bado una alama za panga. Kila asubuhi nilikuwa nalipapasa. Ile ndiyo tamaa, ninaijua. Kumbe Mungu naye anaweza kumtamani mtoto aliyemfanya kwa mikono yake, kama mimi ninavyolipapasa gurudumu. Sikufurahi. Ila nilimuomba jioni ile, kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile, nikamwambia: basi mwite.

Kesho yake shemeji alikuja na panga.

"Acha," nilimwambia.

"Unaamini mutoto iko hai?"

"Siamini. Nafikiri amekufa. Lakini acha. Mungu akimwita ataitika, popote alipo. Na asipomwita, mimi na Mungu tutasemezana."

Aliliegemeza panga ukutani, akauzunguka ule mgomba. Ulikuwa umemfika kifuani.

"Sasa mama, ikizaa, nani atakula?"

Nilichukua maji niliyooshea vyombo, nikayamwaga shinani. Bado nayamwaga.