Sista Candida na Ulimi wa Rachel

Kuna watu Kariakoo ukiwatafuta huulizi namba ya duka, unataja jina tu. Sista Candida alikuwa mmoja wao. Ukifika Mtaa wa Sikukuu ukasema unataka kutoboa masikio, mtu atakuonyesha kwa kidevu mlango wa bluu, kati ya muuza vyandarua na fundi saa. Mimi nilimjua kwa ajili ya benchi lake. Lilikuwa na kivuli mpaka saa sita, na mtu anayezunguka mji kwa miguu kama mimi hulijua kila benchi lenye kivuli.

Hakuwa sista wa kanisani, alikuwa muuguzi. Miaka kumi na saba alifanya kazi chumba cha meno cha hospitali moja ya serikali, akimshikia daktari tochi, akichemsha vyuma, akiwabembeleza wanaume wenye ndevu waliolia kuliko watoto. Mwaka 1996 likaja lile jambo la kupunguza wafanyakazi, na jina lake likawamo kwenye orodha. Wenzake wengine walifungua genge la nyanya, wengine walirudi kwao. Yeye alikaa ndani wiki mbili akiitazama mikono yake, kisha akapanga kile chumba cha mlango wa bluu, akakipaka chokaa mwenyewe, akaanza kutoboa masikio ya watoto na pua za mabinti wa Kihindi.

Usafi wake ulikuwa kero, nasema kwa upendo. Mama akija na mtoto mwenye homa, anarudishwa. Sindano ilifunguliwa mbele ya macho yako: "Tazama. Imefungwa? Haya, naifungua." Ikishatumika mara moja inaingia kwenye kopo lenye mfuniko, haitoki tena. Akishamaliza anakupa masharti, halafu unamrudishia kwa mdomo wako kama mtoto wa shule. Ukikosea huondoki. Yule muuza vyandarua alikuwa akisema kuna watu walioshindwa darasa la saba wakafaulu kwa Sista.

Basi mwaka 2000, mwezi wa nane, nimekaa pale na kahawa yangu, akaja Rachel.

Rachel alikuwa binti wa Severa, yule mama wa Kichaga aliyeuza vyombo kwa jumla Mtaa wa Kongo. Mama ndiye mwenye duka, lakini mdomo wa duka ulikuwa Rachel. Wateja wa Morogoro, wa Lindi, wa Mafia, wote aliwajua, na aliweza kutaja sufuria zote kwa saizi na mifuniko yake bila kukohoa. Walimwita Kasuku, na hakukasirika.

Akaamkia, "Shikamoo Sista."

"Marahaba mwanangu. Masikio au pua?"

"Ulimi."

Sista alicheka, akidhani ni utani wa vijana. Alipoona msichana hacheki naye akaacha. Siku zile runinga zilikuwa zimejaa mjini, kila kituo na wanamuziki wake wa Ulaya, na mmoja wa hao alikuwa na kijiti cha chuma ulimini, chenye gololi ndogo juu na chini. Rachel alikipenda. Sista akamwambia yeye hatoboi ndimi, aende zake. Rachel akajibu kwa adabu kwamba hakuna neno, yuko kaka mmoja huku nyuma ya soko anatoboa siku hiyo hiyo, kwa sindano ya kushonea makochi.

"Lakini anaichoma kwanza na kiberiti," akaongeza, kama anayemtetea.

Hapo Sista akamsogelea. Nilimwona anatazama kinywa cha yule binti kama alivyokuwa akitazama vinywa miaka kumi na saba.

"Mama yako anajua?"

"Sista, nina miaka ishirini na mbili."

"Sikukuuliza miaka."

Mwisho alimwambia arudi baada ya wiki, na katika wiki hiyo asimkaribie yule mtu wa makochi. Akampima unene wa ulimi kwa kijiti cha mbao, akatia alama ya kalamu. Kesho yake akaenda Ilala kwa daktari wake wa zamani, aliyekwisha kustaafu, akamwuliza kila kitu. Daktari alimchorea nyuma ya bahasha: mishipa iko hapa na hapa, tundu lipite katikati kabisa, mbele ya ule uzi unaoshika ulimi chini. Na jambo kubwa, akasema, kijiti cha kwanza kiwe kirefu kuliko ulimi, kwa sababu ulimi utaumuka kama unga uliotiwa hamira. Ukishapona ndipo unabadilisha kifupi.

Sista akaandika karatasi: chuma cha upasuaji, si dhahabu wala fedha, milimita ishirini na mbili, bila kutaja sababu. Kwa kuwa nilikuwa naelekea Kitumbini, karatasi nikaichukua mimi.

Kitumbini alikuwapo sonara mmoja mzee, Harilal, rafiki wa Sista tangu alipoanza kumpelekea mabinti wa pua. Mwanawe Manan alikuwa akienda Dubai kuleta bidhaa, na kweli vijiti hivyo walikuwa navyo, vimefungwa kimoja kimoja. Harilal akavaa miwani, akasoma karatasi, akaniuliza ulimi wenyewe una unene gani. Mimi nikamwambia nilichokisikia: milimita kumi na nne.

Akatikisa kichwa. Akasema hawa wa Dubai hawampimi mtu, wanakata tu. Babu yake alitengeneza vipini vya pua vya maharusi, baba yake pia, na kwao kipini kinachocheza ni aibu ya sonara, maana kitaanguka, na kipini cha bibi harusi kikianguka watu hawasahau miaka. Akakata kijiti pale pale mpaka kumi na sita, akachonga upya njia za kukazia gololi, akaking'arisha. Ilikuwa zawadi kwa Sista, alisema. Nikatazama mikono ile ya kizee inavyofanya kazi nikafurahi. Niliporudi nilimwambia Sista kwamba Harilal anamsalimu. Habari ya kukata sikuitaja, niliiona ni jambo la mafundi.

Sista alikichemsha kwenye jungu lake la presha. Hakukipima. Kilitoka kwa Harilal, na kazi ya Harilal haikuwahi kuwa na kasoro.

Siku ya kutoboa nilikuwa benchini, mlango umerudishwa nusu. Rachel alisukutua dawa. Sista akamulika chini ya ulimi akaitazama mishipa, akaushika ulimi kwa koleo, sindano mpya ikapita chini kwenda juu, kijiti kikafuata. Haikuchukua muda wa kumenya chungwa. "Kimekaa kama kimezaliwa hapo," nilimsikia Sista akisema. Alikuwa na furaha, na furaha hiyo ndiyo iliyomfumba macho.

Halafu yakaja masharti. Maji ya chumvi, robo kijiko cha chai kwenye glasi ya maji yaliyochemshwa yakapoa, asukutue kila baada ya kula. Vipande vidogo vya barafu. Mtindi, uji uliopoa. Mswaki mpya. Hakuna pilipili, hakuna bia, hakuna sigara, hakuna kubusu mtu. Asikigonge kwa meno, asikiguse kwa mkono usiooshwa. Na pumzi ikimbana, asije kwa Sista, aende hospitali moja kwa moja. Rachel akarudia yote na ulimi wake mzito. Alipofika kwenye kubusu, fundi saa jirani alicheka mpaka akaangusha kibano.

Siku ya tatu nilipita Mtaa wa Kongo. Rachel amekaa juu ya katoni, khanga mdomoni. Mama yake alikuwa ameambiwa ni jino. Mchukuzi mmoja akatania kwamba leo Kasuku amefungiwa tunduni, wenzake wakacheka. Nilisogea nikamwuliza Rachel polepole. Akashusha khanga akafungua mdomo. Ulimi ulikuwa umejaa, mwekundu, na gololi ya juu ilikuwa imezama nusu, nyama inapanda pembeni yake kama tope kwenye gurudumu.

Nilitembea hadi Sikukuu kwa kasi kuliko ninavyotembea umri huu. Nikamwambia Sista nilichokiona, na njiani nilikuwa nimekwisha kuelewa, kwa hiyo nikamwambia na lile la kukata. Nilitegemea anitukane. Alinawa mikono mpaka viwiko, ndipo akasema gololi ikizama yote nyama itafunga juu yake, na hapo ni kisu cha hospitali, na ulimi ukishapasuliwa hakuna anayejua utaongea vipi.

"Kukitoa tu?" niliuliza.

Akasema akikitoa tundu litajifunga juu ya uvimbe na uchafu utabaki ndani. Kinatakiwa kirefu kiingie kifupi kikitoka. Akanituma kwa Harilal nikalete kisichokatwa, yeye akaenda dukani.

Yaliyotokea pale nilisimuliwa na wachukuzi, na baadaye na Severa mwenyewe. Rachel alipomwona Sista alimwomba kwa mikono asiseme. Sista akampita, akaenda mpaka mezani kwa mama yake, wateja wamejaa.

"Mama Rachel, binti yako haumwi jino. Nimemtoboa ulimi mimi, kwa ridhaa yake, na nimemwekea chuma kifupi. Nilikipokea bila kukipima. Kosa ni langu, si lake wala si la mtu mwingine."

Severa ni mwanamke mkubwa wa mwili na wa sauti, na wengi walijiweka tayari. Akamgeukia mwanawe.

"Fungua mdomo."

Rachel akafungua, machozi yanamtoka. Severa akatazama muda mrefu. Akafunga droo, akawaambia wateja watoke, akamtuma mchukuzi akaite teksi isimame mlangoni, mlango wazi, kwa lolote. Kisha akamwuliza Sista, "Nani atashika tochi?"

Mimi nilifika wakati huo, na Harilal nyuma yangu. Alipoisikia habari hakunipa kijiti nichukue, alivaa kandambili akaja mwenyewe, amekumbatia kopo la vijiti kama mtu aliyebeba mayai. Manan alikuwa anamfuata na gari ili ampakie, mzee hakugeuka. Alipoingia akataka kusema, akaanza, "Mama, mimi ndiye—" Sista akamkatiza: "Baadaye mzee wangu. Shika hili bakuli."

Basi wakafanya kazi. Chuma kipya kilipimwa kwanza kwa rula ya duka, kikasafishwa kwa vifaa alivyokuja navyo Sista. Severa akashika tochi, na mkono wake haukutikisika. Sista akafungua gololi ya chini, akagusisha ncha ya kirefu na ncha ya kifupi, akasukuma pole pole, kimoja kinamfuata mwenzake kama mabehewa. Gololi iliyozama ikainuka. Rachel alikuwa ameshika pindo la shati la Harilal, sidhani alijua ni la nani. Kifupi kikaanguka kwenye bakuli, ting. Kirefu kikabaki, na juu ya ulimi kukawa na nafasi ya ncha ya kidole.

Hakuna aliyeshangilia. Severa alizima tochi, akakaa juu ya katoni. Teksi ikaambiwa imchukue Rachel hata hivyo, akatazamwe na daktari; Sista mwenyewe ndiye aliyetaka, akaenda naye. Daktari akasema ulimi utapona.

Ulipona. Uvimbe ulishuka siku ya nne baada ya hapo. Lakini mlango wa bluu ulikuwa umefungwa. Wiki nzima watu walibisha, na Sista alikuwa ndani akijibu kwamba hatoboi tena, waende kwingine. Nilikaa benchini, maana hata mimi nilikuwa na sehemu yangu katika lile kosa.

Jumatatu akaja Severa. Nyuma yake Rachel, na nyuma ya Rachel akina mama wawili wa jumuiya ya kanisani kwao, kila mmoja na mjukuu. Severa hakubisha. Alivuta pumzi akasema na ule mlango, kwa sauti ambayo mpaka sokoni waliisikia.

"Sista, huyu wa makochi anatoboa kila siku. Wewe umefunga ili hawa watoto waende kwake?"

Mlango haukufunguliwa.

Rachel akasogea akaweka mdomo kwenye ufa wa mlango. Ulimi bado mzito kidogo, akataja maji ya chumvi na robo kijiko, akataja barafu, mtindi, mswaki mpya, sharti baada ya sharti, bila kuruka hata moja. Alipomaliza akasema, "Nimekosea wapi, Sista? Kama sijakosea nifungulie."

Tulisikia kiti kinasogezwa. Kisha maji yanamiminwa kwenye karai, na mtu ananawa kwa muda mrefu sana, hata watoto wakaanza kulalamika. Mlango ukafunguliwa. Sista alikuwa na aproni yake nyeupe, na mkononi, kabla ya sindano, kabla ya pamba, alikuwa na rula.

"Leteni hereni zenu hapa," akasema. "Zote. Napima."