Nahodha Aliyezikwa kwa Mgomba

Mwanangu, hata leo nikisikia mtu anagonga ubao, akili inarudi kwenye Jumapili moja mchana hapa Bunia. Nilikuwa kijana, nikijiona mwandishi mkubwa. Maasi yalikuwa yamekwisha, au ndivyo tulivyoambiwa; mlango wa gari ukifungwa kwa nguvu, watu bado walinyamaza wakatazamana.

Nilikuwa naandika visa vya ziwani, mimi niliyeogopa hata maji ya mto Shari. Mashua zangu nilizipata kwa wauza samaki wa Kasenyi, kule ufukweni. Walinisimulia jinsi watu walivyokimbia vita wakavuka kwenda Uganda, na jinsi mashua moja ilivyozama na wote waliokuwemo. Mimi nikaongeza dhoruba na nahodha shujaa, basi, kitabu hicho. Kila Jumapili baada ya misa niliwasomea watu sura moja uwanjani pa parokia. Jumapili iliyotangulia nilimzamisha nahodha, kisha nikamtoa majini hai, akaanza kurudi kwao kwa miguu. Walipiga makofi, nami nikavimba kichwa.

Siku hiyo ninayokusimulia nilirudi nyuma, nikasoma jinsi alivyoanza safari. Niliandika kwamba kabla ya kuondoka aligonga ubavu wa mashua. Kabla sijafika kwenye maneno hayo, mama mmoja wa nyuma akagonga benchi: mara mbili, kimya, kisha mara moja. Ilikuwa vilevile kama kwenye karatasi yangu. Nywele zilinisimama.

"Nani alikuambia ile?" akaniuliza.

"Hakuna, mama. Nilitunga tu."

"Ile ni bwana yangu. Aligonga vile kila safari, kuomba maji njia." Hakupaza sauti. "Maji haikumurudisha. Tulizika mugomba mu nafasi yake, tukalia, tukamaliza matanga. Sasa weye unamutoa mu kaburi. Kuja uone."

Ujue, mwanangu, kwao mtu ambaye maiti yake haikupatikana huzikiwa shina la mgomba, ili yeye apumzike na waliobaki waache kungoja. Nilimfuata hadi kwake.

Mlangoni palikuwa na sahani ya bugali na samaki, imefunikwa. Binti yake, Neema, aliyenisikia Jumapili iliyotangulia, alikaa kando ya sahani akitazama barabara ya ziwani.

"Papa iko anatembea pole pole," akaniambia akitabasamu, akimaanisha baba yake. "Jana alikula. Tulikuta sahani mutupu."

"Na siye hatuna imbwa," mama yake akasema. "Kesho anataka kwenda kumupokea Kasenyi. Ile barabara unaijua."

Niliijua. Watu walikuwa bado wanapotelea huko. Nikachuchumaa mbele ya yule binti, aibu ikiniwaka usoni.

"Neema, ni miye nilimutoa mu maji. Yeye hakutoka. Nilitaka watu wapige makofi."

Akanitazama sana. "Basi nani alikula?"

Kule kugonga labda nilikusikia sokoni nikasahau. Labda. Lakini ile sahani inanishinda.

Ndipo Neema akalia, kilio ambacho hakukilia siku ya kuzika mgomba. Alipotulia akaifunua sahani, akaisogeza kwa mama yake, wakala pamoja. Kasenyi hakwenda.

Jumapili iliyofuata nilisoma sura upya, nahodha akabaki majini. Hakuna aliyepiga makofi. Mama Neema aligonga benchi, mara mbili, kimya, kisha mara moja, nasi tukaenda zetu.

Wewe unayetaka kuandika safari za majini, andika, sikukatazi. Lakini mashua unayoizamisha kwenye karatasi iliwahi kuzama kweli mahali fulani, na yuko anayengoja ufukweni. Mtafute huyo kwanza, umsikilize. Na aliyekufa mwache alale, hata wasomaji wakikununia.

Mungu akutangulie katika kila maji utakayovuka, mwanangu. Akurudishie wote unaowangoja. Na siku mlango wako utakapogongwa, anayegonga awe mtu aliye hai.