Nyumba Iliyoipa Barabara Mgongo

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na mabati yakajaa madukani Songea, sisi wa Bombambili tuliezua nyasi zetu kama watu waliopagawa. Bati lilikuwa heshima. Kwamba kila Oktoba lilituoka kama mihogo, hakuna aliyethubutu kulitaja.

Jirani yangu Natalia, muuza mitumba, bati hilo lilimnyang'anya mama. Alikuwa amemleta mama yake, Bibi Brigita, kutoka kijijini Maposeni, maana bibi aliteleza kisimani akabaki na goti bovu, peke yake. Bibi alivumilia joto la chumba kile, akakosa usingizi, akawa anahema kama aliyepanda mlima. Mwishowe akakunja kanga zake. "Mwanangu, nirudishe Maposeni. Humu nitaiva." Natalia alimrudisha, akalia mbele yetu bila kuficha. Kule kijijini hapakuwa na mtu wa kumchotea maji.

Dawa aliiona Tunduru, alikokwenda kuuza nguo. Mwenyeji wake, Biasha, alikuwa na nyumba iliyozunguka ua, na humo, kwenye jua la Tunduru lisilo na utani, Natalia alilala mchana mpaka akaamshwa kula. Alirudi na wazo moja tu, na Natalia akishika jambo, punda ana nafuu.

Alipata kiwanja, akawasha nyasi mbichi katikati, akakaa kutazama moshi unaelekea wapi, asubuhi, mchana na jioni. Tukasema mitumba imemchanganya. Kisha akamwambia fundi Osmund apange vyumba kuzunguka ua ulio wazi, kila chumba kiwe na dirisha la nje na jingine la uani, yatazamane, upepo uingie huku utokee kule. Kuta ziinuliwe, matundu ya hewa yakae juu karibu na paa, na chini ya bati iwekwe dari ya mianzi. Madirisha yawe ya mbao, ya kufungwa baridi ya Juni ikija. Upande wa barabara tu, kwa kuogopa vumbi, alitaka ukuta mtupu, na mlango akauweka pembeni.

Tulimtania kwamba sasa atakula kuku peke yake. "Nyumba njema si mlango," alitujibu.

Bibi Brigita akaletwa tena, akalala fofofo. Natalia akawa anatembea kifua mbele. Lakini haukupita muda akamkuta bibi anakunja kanga tena.

"Joto, mama?"

"Joto hakuna. Na watu hakuna. Tangu nije humu sijaitikia shikamoo hata moja. Mzee asiyesalimiwa ana tofauti gani na marehemu?"

Natalia alikaa chini palepale uani. Alikuwa ameufikiria upepo wa kila pembe, akasahau kwamba mzee wa kwetu hukaa mbele ya nyumba, watu wapite wamwamkie. Hata sisi wenye midomo mirefu kosa hilo hatukuliona. Nilimhurumia sana.

Osmund akaitwa aje na nyundo. Bibi mwenyewe, fimbo mkononi, alimwonyesha pa kuvunja: katikati ya ule ukuta wa barabarani, papite ukumbi mpana hadi uani, wenye benchi za tofali huku na huku. Natalia akalalamikia vumbi. Bibi akasema vumbi hufagiwa. Na ule upepo uliokuwa ukigonga ukuta na kurudi ulikotoka ukapata njia, ukumbi ukawa na ubaridi kupita vyumba vyote. Majirani tukaanza kuwa na sababu nyingi za kupita pale.

Jumapili moja, misa imetoka, nilikuwa nimekaa humo nao. Mwalimu mgeni kutoka Mbeya, Tumpe, alisimama kumwamkia bibi, akaisifu nyumba, akauliza nani alichora ramani yake.

"Mimi," bibi alijibu bila haya. "Huyu mwanangu alinisaidia kumsimamia fundi. Ingia ukae, mwalimu. Kama una haraka, pita kesho, hata mwakani pita. Mimi nipo hapahapa kwangu."

Natalia akainuka kwenda kuinjika chai ya mgeni, anacheka huku machozi yanamtiririka.