Kipimo cha Usawa wa Kifua

Fundi huyu wa cherehani ana ulimi, tuseme ukweli. Ukimpelekea kitambaa kifupi atakwambia ukapunguze tumbo kwanza. Lakini futi yake haijawahi kusema uongo. Ndiyo maana wanakikundi waliopanda miti kwenye kilima kilichokuwa kipara walimchagua kuwa mpimaji, yeye na shemeji yake, jitu refu wanaloliita Mlingoti.

Kazi yenyewe rahisi: zungusha futi kwenye shina, usawa wa kifua, andika. Kutokana na unene huo hukadiriwa kaboni ambayo miti imeifyonza hewani, na makampuni yanayochafua hewa kwingine huinunua kaboni hiyo. Malipo ya kwanza yalishapangiwa kazi: wodi ya wazazi. Binti wa fundi ni mkunga, na mpaka sasa anazalisha kwenye chumba kimoja na wanaofungwa vidonda, pazia tu katikati. Jambo hilo lilimkera mama mtu mpaka usingizini.

Wiki mbili kabla ya mkaguzi wa wanunuzi kuja kuhakiki vipimo, fundi alipima bila kujua mti ambao Mlingoti alishaupima. Namba zikapishana. Akapima tena, yaleyale. Akamtazama shemeji kutoka juu hadi chini, akashika kiuno.

"Shemeji, kifua chako kiko wapi?"

"Si hapa?"

"Na changu?"

Mlingoti akainamisha macho mpaka usawa wa tumbo lake mwenyewe. Kila mmoja alikuwa amepima kwenye kifua chake! Shina huwa nene zaidi chini, kwa hiyo miti yote ya fundi, ambaye ni mfupi na ndiye aliyepima mingi zaidi, ilikuwa imeongezewa unene.

Mwenyekiti wa kikundi, kaka yake fundi, hakutaka kusikia.

"Dada, achana nayo. Mkaguzi ataangalia michache tu. Ukipunguza, wodi tutaikosa."

"Kaka, sijawahi kumpa mteja suruali yenye mguu mmoja mfupi nikamwambia achechemee."

Akakata fimbo ya mita moja na sentimita thelathini, kipimo kilichokuwa kwenye maelekezo ambayo hakuna aliyejisumbua kuyasoma. Cherehani ikafunikwa. Siku kumi na moja, yeye na Mlingoti, mti kwa mti, mpaka viatu vikaachama. Jumla ikashuka kweli, na kaka akamnunia.

Mkaguzi alichagua miti thelathini, akaipima mwenyewe kimyakimya. Fundi akamfuata mti kwa mti. Mti wa mwisho nao ulipolingana na daftari, mkaguzi akafunua ukurasa ambamo fundi alieleza kosa lao lote.

"Hili mngelinyamazia, nisingelijua."

"Wewe usingelijua," fundi akajibu. "Mimi je?"

Mkaguzi akasaini. Vitanda vitakuwa sita badala ya vinane, lakini wodi inajengwa. Kisha mkaguzi akauliza mpimaji huyu katoka chuo gani. Kaka mtu, aliyenuna siku zote hizo, akawahi kujibu.

"Huyu? Huyu ni dada yangu, tumbo moja!"

Alisema hivyo kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya kilima. Fundi akavimba kichwa, na safari hii alikuwa na haki.