Jina langu liko kwa gemu ya Shiru

Leo nimetoka kazi ya maua, nikapata jina langu kwa kompyuta ya binti yangu. Kando yake mtu ana pembe.

Nikasimama mlangoni.

"Shiru, hii ni dini gani?"

"Mum, ni gemu tu. Zamani watu waliicheza mezani na dadu. Daktari wetu nimempa jina lako."

Sikuamini. Nikaangalia skrini. "Mbona wenzangu wa gemu wanapigana na joka, mimi nimeachwa kambini?"

"Sitaki uumie. Ukifa hapo nitalia."

Moyo ukalegea kidogo. Lakini jamani, watoto wa watu wanavuja damu na daktari ameketi?

"Nitoe niwatibu!"

Akanitoa. Wote wakapona.

Wamama wenzangu, bado sijatulia. Huyo wa pembe, mbona ananifuata kila mahali humo kwa gemu?