Mpima moyo aliyekata utepe wa gavana

Saa mbili na nusu asubuhi, Felisa Amoyan anapaka jeli kwenye kifua cha mtoto asiyefika kilo nne. Mtoto anarusha mateke na kupiga kelele.

"Lia, mwanangu, lia," anamwambia. "Anayelia ana pumzi."

Foleni imefika kwenye ngazi. Felisa, mwenye miaka 47, amepiga picha za moyo kwa miaka kumi na tisa katika hospitali hii ya visiwa vya Visaya, Ufilipino. Leo anarudi kazini baada ya kusimamishwa mwezi mzima bila mshahara.

Kosa lake? Alikata utepe.

Mashine ya zamani ilikufa Januari. Mpya, inayofaa mioyo ya watoto, ikaletwa Machi, ikazungushiwa utepe mwekundu na kuachwa imsubiri gavana aizindue. Gavana akaahirisha mara tatu.

"Siku sabini na nne!" Felisa anafoka. "Mashine nzima, umeme upo, mimi nipo. Naambiwa nisiiguse eti mheshimiwa hajapigwa picha!"

Watoto wakawa wanapelekwa mjini bila kupimwa, safari ya saa kumi kwa meli na basi. Dencio, wa miaka minne, alifia melini.

"Nilimfunga viatu kwa mikono yangu," anasema Felisa.

Wiki mbili baadaye alikuja Jovelyn, mke wa mkulima wa minazi, na bintiye Marikit wa wiki tano. Mtoto alikuwa akihema, ziwa limemshinda. Felisa alimpapasa mkononi, mapigo yakadunda. Akapeleka vidole kwenye kinena. Kimya.

"Amekuwa hivi tangu lini?"

"Tangu Jumapili, Mana," alijibu Jovelyn, akimwita dada mkubwa kwa lugha ya kwao. "Kituoni walisema mafua."

"Mafua gani hayo ya kupoza miguu?"

Alimbeba mtoto hadi chumba cha mashine. Katibu wa hospitali, Bwana Lacaba, akasimama mlangoni.

"Mana Felisa, gavana anakuja Ijumaa. Vumilia siku tatu tu."

"Usiniambie mimi. Mwambie huyu mtoto avumilie. Haya, mwambie, nakusikiliza!"

Felisa akampita, akachomoa mkasi wa bandeji mfukoni, akakata.

Picha ilionyesha mshipa mkuu utokao moyoni umebanwa, damu ya kushuka chini ikipita kwa taabu. Daktari wa watoto alimwanzishia dawa ya kuusaidia moyo, akawapigia simu wapasuaji wa mjini. Marikit alipofika, walikuwa tayari wanamsubiri, wakamfanyia upasuaji. Leo ana miezi minne, na mama yake analalamika kwamba hashibi.

Ijumaa ile gavana alikuja. Ulifungwa utepe mwingine, akaukata, akatabasamu, akaondoka. Kabla ya chakula cha mchana Felisa alikabidhiwa barua ya kumtaka ajieleze.

"Nikawajibu mstari mmoja: mtoto alikuwa anakufa. Wakasema nimekosa adabu."

Amekwishazungumza na wakunga wa visiwa sita. Kuanzia Jumamosi hii, siku yake ya mapumziko, atawazungukia kuwafundisha kupapasa mapigo kwenye kinena cha kila mtoto mchanga: vidole viwili, nusu dakika.

Hospitali imempa ruhusa?

"Sijaiomba," anasema Felisa, kisha anamwita mtoto anayefuata.