Ukuta Wenye Vuguvugu

Fundi wa umeme ambaye breka zake hurukaruka na kukata umeme, watu wa Tezo hawamwiti tena. Kambi alilijua hilo tangu ujanani, na jina lake alililinda kwelikweli. Kwa hiyo Mama Kahaso, mjane anayeoka mikate kwa majiko mawili ya umeme, alipolalamika kwamba akiyawasha yote mawili breka ya ampea ishirini inaruka, Kambi hakubishana. Aliing'oa, akamwekea ya thelathini na mbili. Kwani si soketi zilezile alizoziona kwenye breka kama hiyo katika nyumba chungu nzima za Kilifi? Miezi minane sasa, na kila wakikutana mama humsifu: "Haijaruka hata mara moja, fundi wangu!"

Jumanne moja asubuhi Kambi alikuwa mjini Kilifi, darasani, akisomea leseni pamoja na vijana wa umri wa wanawe. Mwalimu wao, Bridgit, alichora ubaoni waya unaotoka kwenye boksi la breka, ukazipitia soketi, kisha ukarudi kwenye boksi.

"Huu umerudi, kwa hiyo mzigo unagawanyika pande mbili. Thelathini na mbili ruhusa." Akafuta kipande cha kurudi. "Huu haukurudi. Soketi ni zilezile, waya ni uleule, na vyombo vyote vitawaka. Breka ya ngapi?"

"Thelathini na mbili," akasema Kambi, kwa sauti ya mkubwa wa darasa.

"Ishirini, mzee. Kwa hiyo yako, waya utaungua ndani ya ukuta na breka imetulia tuli."

Vijana wakacheka. Kambi akaukumbuka waya wa Mama Kahaso: nao haukurudi. Haijaruka hata mara moja. Alitoka nje bila kuaga, akampigia mama simu. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, vilevile.

Tezo si mbali, ila siku hiyo pikipiki yake ilikwenda kama inayosukumwa. Mtu alikuwa akichoma magugu shambani, na Kambi alipouona ule moshi, nusura aingie mtaroni kwa hofu.

Nyumba aliikuta imesimama. Harufu ya mkate ilimpokea mlangoni, akataka kulia. Lakini majiko yote mawili yalikuwa yanawaka, na Mama Kahaso alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ameuegemeza ukutani, palepale waya ulipopita.

"Shikamoo, mama. Ondoka hapo!"

"Marahaba. Niondoke kwa nini? Ukuta wako huu una dawa, fundi. Nikioka unapata vuguvugu, maumivu ya mgongo yanatulia, hata nasinzia."

Kambi alikwenda mbio kwenye swichi kuu, akaizima. Kisha akapapasa ukuta kuelekea soketi ya nyuma ya jiko. Huko halikuwa vuguvugu tena, ulikuwa moto wa kuunguza. Soketi ilikuwa imegeuka rangi ya kahawia, na chini ya harufu ya mkate palikuwa na harufu ya plastiki iliyoungua.

"Mikate yangu, Kambi!"

"Ile breka ya kwanza ilikuwa inaruka kwa ajili yako, mama," akasema Kambi. "Mimi ndiye niliyeinyamazisha."

Mama Kahaso aliugeukia ukuta, akautazama, kisha taratibu akajivuta mbali nao.